Siku Nilipouachia Ukingo

Fare, Huahine
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpenzi Titaua,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai mu wazima huko Numea, wewe na shemeji, na kwamba goti lako limepata nafuu. Huku hatujambo. Mama anakula vizuri, ila analalamika kwamba shelisheli za mwaka huu zina maji kama matango.

Najua umeshasikia kwamba nilizirai baharini siku ya mashindano. Habari za kisiwani zina mbawa. Sasa sikia zangu.

Huu ni mwaka wa saba nikiwa nahodha wa ngalawa ya wanawake, na wa tatu nikiwa mwalimu mkuu. Alfajiri niko majini na wenzangu, saa moja na nusu niko shuleni, jioni narudi majini. Mwenye kuumwa bega alinililia mimi. Aliyegombana na mumewe, mimi pia. Moerani, yule anayekaa mbele na kutupa mwendo, alinisihi nipumzike. Aliniambia, “We nahodha, hata injini huzimwa ikapoa!” Nikacheka, nikamjibu kwamba injini haina watu wanaoitegemea.

Kuanzia Juni usingizi ulinihama. Samaki wa ndimu na tui nilimtafuna kama karatasi. Asubuhi moja mtoto wa darasa la pili aliniletea ua la tiare, nikatabasamu, na jina lake likanitoka kabisa. Mtoto niliyemfundisha kusoma mwenyewe, dada.

Siku ya mbio bahari ilikuwa buluu mpaka inatia usingizi. Tulikuwa wa pili. Ikafika zamu ya kubadilishana: watatu wanajirusha majini, na sisi watatu wa kupokea zamu, tulioshushwa mbele na mashua ya kusindikiza, tunaelea tukiisubiri ngalawa itufikie, tushike ukingo, tujivute ndani. Wenzangu wawili walipanda. Mimi sikupanda. Ngalawa ikaendelea na watu watano, bila nahodha, tukamaliza wa saba. Mashua ya kusindikiza iliniokota, muuguzi akasema ni jua, nami nikanyamaza. Wiki tatu watu waliniletea supu na mapapai.

Kisha nikasikia kwamba Tehina, mdogo kuliko sisi sote, ameacha kupiga kafi. Mama yake alinieleza kwamba binti analia kila siku, anaamini kafi lake ndilo lililonigonga kichwani nikiwa najivuta.

Jana niliwaita wote ufukweni. Niliwaambia kwamba hakuna kafi lililonigusa wala jua halikunishinda. Niliushika ukingo vizuri kabisa, kisha nikauachia kwa kupenda kwangu. Tehina alijifunika uso kwa kanga yake. Mmoja aliondoka bila kuaga, na simlaumu. Moerani akasema, “Ungesema tu umechoka, mama wee! Sisi tuna mikono ya nini?” Sasa unahodha ni wake mpaka mwaka mpya. Nitakaa nafasi ya tatu, ambako kazi ni kufuata mgongo ulio mbele yako, basi. Shuleni, naibu wangu amechukua sehemu ya kazi zangu.

Lakini kuna jambo sikuwaambia, nakuambia wewe peke yako. Nilipouachia ukingo, nilifurahi. Sauti zao zilififia, maji yakanibeba kama mtoto mgongoni, nikatazama anga nikasema moyoni: mashua isije. Sikuogopa hata kidogo, Titaua. Hilo ndilo linaloniogopesha sasa.

Kwa hiyo nimeomba likizo, ya kwanza tangu nianze kazi. Alhamisi ijayo nitakuwa kwako. Usialike watu, usipike karamu. Nitandikie kitanda tu, na nikilala mchana kutwa, usiniamshe.

Mama anakubusu, na shemeji msalimie sana.

Mdogo wako akupendaye,
Vaihere