Karo la Matikiti

Shajara, Jumanne

...na kumnyima ng'ombe maji, mimi sikulelewa hivyo. Kundi la jirani lilipita asubuhi likiwa na kiu, nikasema, "Wanywe tu," palepale kwenye karo la kuoshea matikiti. Kisha kuyamwaga yale maji mbele ya jirani niliona haya.

Mimi, ninayewaeleza wafungashaji kila msimu kwamba kisu huingiza uchafu wa ganda ndani ya tunda!

Mama Neema, mmoja wa wafungashaji, akiosha matikiti humo, aliuliza, "Babu, mbona maji yananuka zizi?"

"Tope tu, mwanangu."

Nilidanganya, na matikiti yakaenda hotelini.

Jioni nimempigia simu mpishi wa hoteli kumwambia matikiti ni machafu. Akacheka: "Mzee, unanitania!"

Nikamweleza polepole: ng'ombe wamenywa humo, usikate hata moja. Hakucheka tena.

Mpishi nimemwambia. Kumwambia Mama Neema ndiyo kazi.