Mkono Niliompa Shemeji

Mjukuu wangu Vestina,

Marahaba. Salamu zako kutoka Mbamba Bay zimenifikia. Huku Mbinga hatujambo. Kahawa imeiva, na mama yako bado anagombana na goti lake.

Umeniuliza kama ni dhambi kumshtaki shemeji yako aliyechukua mtumbwi wa marehemu mumeo. Unasema wanajumuiya wenzako wa kanisani wanataka ufute kesi, mmalizane kifamilia.

Babu yako alipofariki, mdogo wake naye alitwaa shamba letu la kahawa, akisema mjane arudi kwao. Nikaenda mahakamani. Jumuiya nzima ikanijia na rozari mikononi: Mkristo hamshtaki ndugu! Nikawauliza, mbona hamkuanza kusali kwake?

Jumapili ile, padri aliposema tutakiane amani, shemeji alivuka kutoka upande wa wanaume akaninyooshea mkono. Kanisa zima lilitugeukia. Nikaupokea, nikasema kwa sauti, "Amani nakupa, shemeji. Shamba sikupi. Tutaonana mahakamani Jumatano."

Nilishinda. Wapo waliosema nimevunja ukoo. Ukoo gani huo unaovunjika mjane akidai haki yake? Kesi ile sijawahi kuiungama, wala sitaiungama.

Mpaka leo tunasali kanisa moja, na kila Jumapili nampa huyo babu yako mdogo mkono. Ni mkono huuhuu unaochuma kahawa yangu.

Usifute kesi.

Bibi yako