Mwanga Haukusimama Rubona

Gisenyi, 20 Juni 1999

Kaka yangu mpendwa Kadiri,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, wewe, shemeji na watoto, na kazi yako ya kutengeneza redio inaendelea. Sisi hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti tu, ila ulimi wake hauna ugonjwa. Anasema umenenepa mpaka umesahau kuandika.

Mimi siku hizi nafundisha fizikia hapa mjini, na wiki iliyopita nilifika kwenye mwendo wa mwanga: kilomita laki tatu kwa sekunde moja. Nilipoandika namba hiyo ubaoni nilikukumbuka mno.

Unaukumbuka mwaka wa themanini na tano? Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na wewe ukijiona profesa. Ulisema huamini usichokipima. Tuliegemeza vioo viwili kwenye mawe ili virushiane mwanga wa jua, tukavifunika kwa mitandio ya mama. Wewe unavuta wako, nami nikiona mwanga tu navuta wangu, huku ukitazama saa ya baba mpaka uone mwanga wangu. Kwanza uwanjani: nusu sekunde, ambayo ulisema ni uzito wa mikono yetu. Kisha ukanituma bandarini Rubona, wewe ukabaki ufukweni mjini, kilomita tano za maji kati yetu, kumi kwenda na kurudi. Ikawa sekunde moja na nusu, mara sita mfululizo. Ukaitoa ile nusu ya mikono, ukaandika kwamba mwanga huenda kilomita kumi kwa sekunde. Sijafurahi tena kama siku ile.

Mwalimu Janvier akaisoma karatasi yako mbele ya darasa, akasema, bon, mwanga wako lazima ulisimama Rubona kunywa bia. Wakakuita Kilometa Kumi mpaka ukaacha shule na kuhama.

Alhamisi niliwapeleka wanafunzi wangu na vioo vile vile. Uwanjani nusu sekunde, Rubona nusu sekunde. Safari ile mwanga huimaliza mara elfu thelathini kabla sekunde moja haijaisha, saa ya baba ingeionea wapi? Msichana mmoja, Ineza, akaniuliza kipimo kizuri hivi kimetoka kitabu gani. Nikasema ni cha kaka yangu. Akauliza kama kaka yangu naye ni mwalimu.

Kaka, siku ile mama mmoja wa bandarini alinipa sambaza za kukaanga. Mikono ilijaa mafuta. Kila nilipoona mwanga wako nilijifuta kwanza kwenye kaptula, ndipo nikavuta mtandio, nikiogopa mama yetu asije akasikia harufu ya samaki kwenye mtandio wake. Jioni uliniuliza kama nilivuta papo hapo, nami nikaapa. Walipokucheka nikanyamaza, na nimenyamaza miaka kumi na minne. Njia yako ya kupima ilikuwa sahihi. Mwanga haukusimama Rubona. Aliyesimama ni mimi.

Kesho nitawaeleza wanafunzi hivyo hivyo, na jina lako nitaliandika ubaoni. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie hata kunitukana, mradi mama aone mwandiko wako.

Anakusalimu sana. Wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Muhamadi