Sahani ya Kwanza Alipewa Mkeo

Selumit Pantai,
Tarakan.
17 Novemba, 2009.

Mpendwa mdogo wangu Jumardi,

Assalamu alaikum. Nakusalimu sana, na natumaini barua hii itakukuta mzima huko mashambani Lahad Datu, na kile kikohozi cha moshi wa kiwandani kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama linamsumbua mvua zikinyesha, na zinanyesha kila siku. Baba alifika Makka salama. Alipiga simu mara moja, akauliza habari za karakana kabla ya kuuliza habari za Mama.

Barua yako nimeipata. Umeandika kwamba umepewa nyumba huko kazini, unataka kumchukua Rosmini, na kwa kuwa Baba hayupo unaniomba ruhusa mimi. Nitakujibu, ila kwanza nisikilize, maana mkeo namwonea kijicho na sitaki uje ulisikie jambo hili kwa watu.

Unaikumbuka boti ya Haji Saleng, ile ya abiria wa Nunukan. Mashine yake ya zamani, ile ya kuning'inia nyuma ya boti, ilikuwa haikai juu. Anainyanyua jioni, asubuhi maji yakipwa anaikuta imeshuka yenyewe, propela imezama topeni chini ya nyumba za nguzo, na abiria wanasubiri na mizigo yao. Mwezi wa Ramadhani niliifungua silinda ya kunyanyulia, nikatoa sili zilizolika, zile pete za mpira za kuzuia mafuta, nikaweka mpya. Ile fimbo ya chuma inayotoka na kuingia ndani ya silinda ilikuwa imeota vigamba vya baharini. Nikaipiga msasa ikang'aa kama kijiko cha harusini. Siku nne tu, mafuta yakavuja na mashine ikarudi kwenye tope lile lile.

Haji aliporudi nayo karakanani, mimi nilikuwa nimekwenda kununua mbao. Nikaja kumkuta Rosmini ameshaivua silinda, Baba amekaa juu ya ndoo anamtazama. Mkeo alikuwa amefumba macho, anapitisha ukucha kwenye fimbo polepole. "Hapa unakwama, Baba. Na hapa. Daeng, nishikie taa." Yaani mimi, mkubwa wake, nishike taa. Nikashika. Baba akawa anaitikia kwa kichwa, uso umemkunjuka. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi na yule mzee, Jumardi, hakuwahi kunionyesha habari ya ukucha. Roho iliniuma hata mate yakawa machungu.

Baba akauliza, "Nani kapiga msasa humu? Hii si fimbo tena, ni tupa. Sili mpya itapona wapi?"

Mkeo alijua ni mimi. Msasa wenyewe ulikuwa bado unaning'inia msumarini. Akasema, "Chumvi hiyo, Baba. Chumvi haina adabu." Laiti angenichongea, ningepata sababu ya kumchukia vizuri. Amenisitiri, nikabaki namchukia bila sababu, na hiyo ndiyo kazi ngumu.

Akatafuta fimbo nzima kwenye mashine iliyokufa, akabadilisha pia bushi iliyolegea, akazipaka sili mafuta kabla ya kuzitia. Kisha akaipandisha na kuishusha mashine mara nyingi mpaka hewa ikaisha. Kesho yake asubuhi majirani walikuja kuchungulia. Ilikuwa juu vilevile alivyoiacha.

Wakati wa kufuturu Haji akaleta sokko na ndizi, tukasoma dua. Unajua kwetu sahani ya kwanza ya ule wali wa kunata huenda kwa mikono iliyofanya kazi. Tangu wewe uko shule ilikuwa inakuja kwangu, wala sihangaiki kuifuata. Siku hiyo nilinyoosha mkono. Baba akaipitisha mbele ya pua yangu, akampa Rosmini. Haji naye, kwa roho yake ya korosho, akasema, "Mappiasse, wewe leo mgeni, subiri zamu." Watu wakacheka, na mke wangu akiwemo.

Kabla ya kuondoka Baba alinikabidhi funguo za karakana, kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba wake. Funguo ninazo. Wateja wanaingia, wananisalimia, halafu wanachungulia nyuma ya mgongo wangu: "Yule mama yupo?"

Kwa hiyo barua yako ilipofika nilifurahi, sikufichi. Nilikwenda moja kwa moja nikamwambia Rosmini ajiandae. Hakulia, hakubisha. Alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akaanza kupanga sili kwenye makopo, kila kopo akiandika ni za mashine gani, na chini yake: "Daeng, usipige msasa." Makopo kumi na moja, yote ameandika hivyo.

Nilisimama pale nikiyasoma. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ndipo nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini, jambo ambalo wewe na mimi hatukulifanya. Akajibu bila kuinua macho, "Namtaka mume wangu, na naitaka kazi yangu. Nani kawaambia nichague?"

Basi, mdogo wangu, ruhusa sitoi. Wivu bado ninao, na Baba akirudi utazidi, lakini afadhali niwe nao mkeo akiwa karakanani kuliko nistarehe huku boti nilizotengeneza zinarudishwa moja moja. Hiyo nyumba waachie wenyewe. Rudi wewe.

Nisalimie binamu yetu Tenri na mumewe, na mzee Pallawa kama bado anaweza kupanda ngazi. Mama anakusalimu, na watoto wangu wanamkumbuka ami yao. Mungu akulinde na akufungulie njia ya kurudi.

Ndugu yako akupendaye, pamoja na kijicho chake,
Mappiasse