Nauni Zako Zimetuponza

Kaka yangu,

Hapa tupo. Cherehani imepona, paa la jikoni bado linavuja, na mwanao amerefuka hadi sare imekuwa fupi. Habari njema zimeishia hapo.

Mama ameanguka jikoni, kavunjika nyonga. Alimtuma mwanao aje kuniita dukani. Mtoto akafika anahema, akasimama mlangoni, midomo inacheza, sauti haitoki. "Una nini, mwanangu?" Nikadhani ni mchezo, nikaendelea kushona. Kumbe alikuwa anatafuta Kiingereza! Si wewe uliyemwambia akitamka neno moja la Kiswahili hutamchukua kwenda kuishi nawe huko ng'ambo? Kila jioni unamkaririsha kwenye simu nauni, vabu na ajektivu za Kiingereza chako, naye anazimwaga zote kama maji. Neno la kusema bibi yuko chini hakulipata. Aliponivuta gauni huku analia, ndipo nikainuka.

Mama anasema tusikwambie, eti una kazi nyingi. Mimi nakwambia. Kazi gani hiyo inayomfunga mtoto mdomo ndani ya nyumba ya bibi yake?

Sasa hivi amekaa kando ya kitanda, amemshika bibi mkono, anamwomba radhi kwa Kiingereza. Bado anakuogopa. Mama haelewi hata neno, anaitikia tu, "Haya, mjukuu wangu, haya."

Simu nimeizima. Ukitaka kumkaririsha masomo, njoo umkaririshe hapa alipokaa, mbele ya mama yako.

Ni mimi dada yako, fundi cherehani.