Mtoto Aliyepiga Ngoma ya Jumbe

Jumamosi, 2 Mfungo Sita 1326. Kihanga.

Nimefungua duka. Mvua tangu alfajiri. Chumvi imeanza kutoa maji, nikainua magunia juu ya mbao. Katunzi, kijana anayenibebea mizigo, amenisaidia. Anabeba gunia kama mtu abebaye mto wa kulalia.

Jumatano ya wiki ya pili ni mieleka na kijiji cha Bugene. Atakayebaki amesimama atapewa mtamba. Katunzi anamtaka sana mtamba huyo. Baba yake alikufa hakumwachia hata mbuzi, na bila ng'ombe hapewi mke. Hakuna kijana wa hapa anayeweza kumwangusha. Wamejaribu wote, migongo yao inajua.

Jioni nimesikia habari: Jumbe Ishengoma hatampa kahawa.

Desturi ya huku, ambayo sisi wa pwani hatunayo, ni hii. Mchezaji haingii uwanjani mpaka jumbe amempa punje ya kahawa akaitafuna mbele ya watu. Maana yake, huyu ni wetu. Asiyepewa si wa mtu, na akishinda hahesabiwi.

Kosa lake? Zamani, Katunzi akiwa mtoto mwenye mapengo mdomoni, aliingia uani kwa jumbe akapiga ngoma yake. Akapiga mdundo wa msiba. Watu wakatupa majembe wakakimbia. Jumbe alikuwa shambani. Akadhani kwake kuna maiti, akakimbia, akatumbukia katika shimo la kuvundikia ndizi. Mguu ukavunjika, ukaunga vibaya. Anachechemea hadi leo.

Basi. Hilo ndilo wanalomhukumia mwanamume mwenye ndevu. Nimekasirika.

Jumatatu, 4 Mfungo Sita.

Nimekwenda kwa jumbe. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha adabu zikaniishia. Nikasema yule alikuwa mtoto. Jumbe akanyoosha mguu wake mbele yangu.

"Mswahili, na huu mguu nao ni mtoto? Mbona haukukua ukapona?"

Nikamjibu kwamba basi amshtaki na aliyechimba shimo. Shimo ni lake mwenyewe. Wazee wakacheka. Yeye hakucheka.

Sijuti. Ningelisema tena.

Alhamisi, 7 Mfungo Sita.

Barazani. Nimesema mpaka koo limekauka. Nikaeleza kwamba katika sheria yetu Waislamu mtoto haandikiwi dhambi kabla ya kubaleghe. Mzee mmoja akaniuliza hiyo sheria imewahi kulipa ng'ombe wa nani. Kicheko. Nikaiacha, nikashika nyingine.

Nikawauliza: mizigo ya Mdachi ilipokuja, nani alipelekwa kuibeba? Katunzi. Siku ile aliitwa mwana wetu. Hakuna aliyekumbuka ngoma. Leo kuna mtamba, ngoma imekumbukwa. Mnamtambua akibeba, mnamkana akishinda. Hiyo si hukumu, ni ujanja.

Nikadhani nimewapata. Jumbe akasema neno moja tu: "Simpi." Wakainuka wote, wakaenda.

Nimesoma vitabu vingi, na magazeti ya pwani hunifikia hata yakiwa yamechakaa. Sijaona humo hoja inayoshinda mguu unaouma. Lakini hoja yangu ni ya haki. Mguu wake ni msiba, sikatai. Msiba si hakimu.

Ijumaa, 8 Mfungo Sita.

Hakuna aliyekuja dukani. Hata wanawake wa chumvi. Wamepita mlangoni wakitazama upande wa pili.

Katunzi amekuja, na hasira. "Baba, umenifanya wimbo. Kila nyumba yanitaja."

Nikamwuliza, kwani ulipiga kwa nini? Akakaa juu ya gunia. Akasimulia. Mwezi ule walikuwa wamemzika baba yake. Siku ya mazishi ngoma ililia na nyumba ikajaa watu. Walipika, walimpakata. Kisha wakaondoka, akabaki na mama yake na ukimya. Akadhani ngoma ndiyo iletayo watu. Alitaka waje tena.

Nikarudisha mlango wa duka.

Akaniapisha nisimwambie mtu. Hataki kuhurumiwa ili acheze. Nimeapa, na ni afadhali hivyo. Hata angepiga kwa utundu mtupu, ningesema yale yale. Mtoto hadaiwi sababu nzuri ndipo asamehewe utoto wake.

Jumanne, 12 Mfungo Sita.

Maulidi. Tumesoma watu watatu, na mmoja wetu amelala. Duka bado tupu. Sawa. Nitakula chumvi yangu mwenyewe kabla sijaomba radhi.

Jumatano, 13 Mfungo Sita. Bugene.

Nimekuja na nguo za kuuza. Katunzi amenibebea, akakaa pembeni na furushi.

Tope hadi kwenye vifundo. Bitegeko, mbabe wa Bugene, amewalaza vijana wetu mmoja baada ya mwingine. Kisha akamnyooshea Katunzi kidole.

"Na huyo mwenye shingo ya fahali, mbona anatunza matambara?"

Wakamwambia hakupewa kahawa. Wakamwambia na sababu. Bitegeko akacheka mpaka akashika magoti.

"Ngoma tu? Mimi nilichoma banda la mbuzi la babu yangu, na mbuzi wamo!"

Akamgeukia jumbe wake akamwomba ampe Katunzi kahawa, kwa kuwa haoni raha kushinda wakati mwenye nguvu amekaa. Jumbe wa Bugene akampa. Nadhani nusu kwa wema, nusu kwa kumchoma Ishengoma. Katunzi akatafuna polepole, watu wote wakitazama taya zake.

Walishikana muda mrefu. Sijui niliacha lini nguo zangu, nimezikuta topeni. Mwisho mgongo wa Bitegeko ukagusa chini.

Kihanga wakalipuka. Ishengoma akasimama na fimbo yake: "Mtamba wa Kihanga!"

Jumbe wa Bugene akajibu kwa upole mkubwa: "Ndugu yangu, hiyo kahawa iliyo mdomoni mwake ni ya nani?"

Nimecheka peke yangu njia nzima.

Jumamosi, 16 Mfungo Sita.

Katunzi amehama. Jumbe wa Bugene amempa na kipande cha shamba. Mtamba atakwenda kwa wakwe. Alikuja kuniaga, akapanga magunia yote upya bila kuambiwa. Kihanga sasa wananilaumu mimi kwa kumpoteza. Wananilaumu huku wakinunua chumvi.

Jumatatu, 18 Mfungo Sita.

Jumbe Ishengoma amekuja dukani. Peke yake. Akakaa, mguu mbele. Hakutaka chumvi. Akaweka punje ya kahawa juu ya meza.

"Mpelekee."

Nikamwambia ampelekee mwenyewe. Akautazama mguu, kisha barabara.

"Na ukifika," nikamwambia, "muulize kwa nini alipiga."

Akaniangalia sana. Miaka yote hii, nadhani, hakuwahi kumuuliza. Akachukua punje yake, akatoka.

Mvua imekatika. Nimesimama mlangoni. Hakugeukia kwake. Ameshika njia ya Bugene, polepole, anakwepa madimbwi.