Nilimwambia Bibi Hakuandika Riwaya Yake

Mpendwa Mshauri, naomba uniokoe, maana posa yangu imeota mbawa na kosa langu ni kusema ukweli. Mimi ni mhadhiri wa fasihi, na bibi yake mchumba wangu ndiye anayesemekana, narudia, anayesemekana, kuandika ile riwaya ya mahakamani inayosomwa kila shule, ila mimi siku zote nimeshuku kwamba aliyeiandika ni mumewe, hakimu mstaafu, kwa kuwa bibi aliishia shule ya msingi na hajawahi kukanyaga mahakamani, sasa juzi nilipokwenda kwao kutambulishwa, mashangazi wamejaa sebuleni, nikaona ndiyo nafasi ya kuifafanulia familia utafiti wangu, na bibi akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaniuliza kama chai yangu ina sukari ya kutosha, kisha akasema nimuulize babu mwenyewe.

Babu akaweka kikombe chini. "Mle ndani kuna hakimu mpumbavu anayesinzia kesi ikiendelea," akasema. "Ni mimi yule. Unadhani ningejiandika hivyo?"

Wakacheka wote, nami nikawaeleza kwamba kujidhihaki ni mbinu ya kale ya mwandishi anayejificha, na hapo mchumba wangu akainuka akaingia chumbani, na mpaka leo hapokei simu zangu. Nifanye nini wakubali hoja zangu?

Mtafiti Aliyeonewa

MSHAURI ANAJIBU

Pole, Mtafiti. Si kila siku mtu anakwenda kuomba mke akaishia kumpokonya bibi wa watu kitabu chake, tena huku akinywa chai yake. Waandishi waliokufa hawajibu, ndiyo maana mnawapenda. Bahati mbaya huyu yu hai na ana buli mkononi.

Hajakanyaga mahakamani, unasema. Baba, mahakama ilikuwa inarudi nyumbani kila jioni ikivua viatu mlangoni. Kikulacho ki nguoni mwako, muulize babu.

Mchumba wako hakukasirikia utafiti. Amejiuliza tu: nikifanya jambo kubwa ndani ya ndoa hii, huyu si atasema ni lake?

Nenda kwa bibi mchana, mikono mitupu, bila mkoba wa makaratasi. Omba radhi, kisha nyamaza. Ukimaliza, mwombe radhi mchumba wako, na akikataa, kubali. Lakini maneno hayo uyatunge mwenyewe. Ukiandikiwa na mtu, yule bibi atajua kabla hujamaliza sentensi ya kwanza.